Pini Mdomoni

Fundi wa nguo wa soko la mpakani la Kamembe hushona akiwa amebana pini midomoni, na huzitoa mteja akisalimia tu. Siku alipokuja mtafiti wa habari za vita alizitoa zote, akasimulia jinsi mtoto wake alivyochukuliwa, mpaka sauti ikamkauka. Mtafiti akagongagonga kinasa sauti chake.

“Pole, Maman, kaseti ilikatika. Rudilia pale balibeba mutoto. Sasa usilie, maneno haisikike.”

Hakuuliza kama fundi anaweza kurudia. Mguu wa fundi ukatulia juu ya pedali ya cherehani.

“Mutoto wangu balimubeba mara moja tu,” akasema.

Akarudisha pini midomoni, moja moja, akimkazia macho, kisha akakanyaga cherehani mpaka meza ikatetemeka. Kaseti mpya aliyoweka mtafiti ikajaa mlio wa cherehani, upande wa kwanza na wa pili.