Adabu Mbele ya Mashine

Ephantus Ngigi alikuwa mtu wa kuheshimiwa hata kabla hajawasha gari. Kule Ngoingwa alikoishi, alikuwa mzee wa kanisa, yule anayesimama mlangoni Jumapili akiwapokea waumini kwa mkono wa kulia. Ndani ya basi la kiwanda alilokuwa akiliendesha, vibarua walimwita Elda, yaani mzee wa kanisa kwa Kiingereza chao, nusu kwa heshima na nusu kwa mzaha. Kazi yake ilikuwa kuteremka Ruiru alfajiri, kuwachukua wafanyakazi, kupita Mugutha kuwachukua wengine, kisha kuwafikisha Eneo la Viwanda la Thika kabla lango la kiwanda cha matunda halijafungwa. Lango lile halikuwa na huruma. Kibarua aliyechelewa alilikuta limefungwa, naye akarudi nyumbani mikono mitupu.

Shida ilikuwa Mugutha. Nyumba za kupangisha zimeota pale kama uyoga, kila ploti imekuja na magari yake, na barabara ya kuyatoa magari hayo yote hadi barabara kuu ni ile ile nyembamba ya zamani. Asubuhi foleni ililala pale kama nyoka aliyeshiba. Na hapo ndipo Ngigi alipokuwa akitanua.

Kutanua, katika kinywa cha madereva wa huku, ni kuacha foleni na kupita ukingoni, magurudumu ya kulia kwenye lami na ya kushoto kwenye udongo, ukawapita walionyamaza wakasubiri, kisha ukachomeka pua ya gari mbele yao. Neno lenyewe ni la hadaa. Barabara haitanuki hata inchi moja. Anayetanua huchukua nafasi ya mwenzake akaiita upana.

Ngigi hakujiona mkosaji. Alijiambia kwamba anatanua kwa ajili ya watu. Nyuma yake walikuwa wameketi akina mama waliowaacha watoto usingizini ili wawahi zamu, na yeye angewezaje kukaa kwenye foleni huku riziki yao ikifungiwa nje? Tena basi lake lilikuwa kubwa. Likishatoka kwenye mstari, magari madogo yaliyokuwa yakisitasita yalipata ujasiri, yakalifuata kama vifaranga. Becky, msichana wa idara ya mikebe aliyependa kuketi nyuma ya dereva, alikuwa akisema Elda akitanua hata malaika wanatanua nyuma yake. Watu walicheka. Naye Ngigi alitabasamu, jambo ambalo mzee wa kanisa hakupaswa kulifanya.

Mwanawe wa mwisho, Maxine, alikuwa msaidizi wa utafiti katika chuo kimoja mjini Thika. Chuo hicho kilitaka kupata dawa ya msongamano wa Mugutha bila kubomoa nyumba ya mtu, na dawa hiyo waliitafuta ndani ya kompyuta. Waliipima barabara yote, wakaichora kwenye kompyuta na kila kona yake, kila tuta na kila mahali pa kuchukua abiria. Magari nayo wakayaweka. Lakini gari la kompyuta, Maxine alimweleza baba yake, halina tabia mpaka lipewe tabia ya mtu. Kwa hiyo waliwahitaji madereva wa kweli wa barabara ile waje waketi mbele ya skrini, washike usukani, waendeshe kama kawaida yao. Mashine ingejifunza jinsi wanavyosogeleana, wanavyopishana na wanavyokosa subira, kisha ingeyapa magari yake maelfu tabia hizo hizo. Ukihamisha stendi ndani ya kompyuta, ungeona kama foleni inapungua au inaongezeka, kabla hujamwaga kokoto hata moja.

Ngigi alikubali kwenda, akawachukua na wenzake. Mmoja wao alikuwa Dismas, dereva wa lori la kiwanda, mtu wa Bungoma aliyepanga Mugutha na mkewe Nakhumicha, fundi wa cherehani katika kiwanda cha nguo. Dismas na Ngigi walikuwa wamekula chumvi pamoja miaka mingi.

Chuoni walikuta kiti cha gari kilichofungwa sakafuni, usukani, pedali, na skrini tatu zilizokizunguka kama kioo cha mbele. Maxine aliwasihi waendeshe kama wanavyoendesha siku zote. Hapakuwa na polisi wala alama za mtihani, na jina la mtu halingeandikwa popote. Wote waliitikia kwa vichwa. Lakini sisi watu wa huku tuna adabu ya mgeni. Mgeni akija, kikombe kizuri hutolewa kabatini, watoto hunyamazishwa, na hata wanandoa waliokuwa wakigombana huitana kwa majina matamu. Mwalimu mwenye miwani, msimamizi wa utafiti, alikuwa amesimama pale na kalamu yake. Nani angemwonyesha kikombe kilichovunjika?

Dismas alitangulia, akaendesha kama aliyebeba mayai. Wenzake wakampigia makofi, na makofi hayo ndiyo yaliyoharibu kila kitu, maana kuanzia hapo kila mmoja alitaka kumpita mwenzake kwa utakatifu. Ngigi alipoketi, alitafuta mkanda ajifunge, na haukuwepo. Alikaa kwenye foleni ya kompyuta bila kupiga honi. Aliliruhusu lori liingie kutoka pembeni, na dereva mmoja wa kompyuta alipompisha, Ngigi aliinua mkono kumshukuru.

"Elda, unampungia nani?" Dismas akamuuliza, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Jioni, mama yake akiwa anapakua chakula, Maxine alimuuliza baba yake ile ilikuwa nini.

"Ilikuwa kuendesha gari."

"Baba, mimi nimepanda basi lako. Pale Mugutha wewe hutanua kila asubuhi. Leo hukutanua hata mara moja."

"Ulitaka nitanue mbele ya mwalimu wako, waseme baba yako ni mhuni?"

"Nilitaka ukweli. Ile mashine haina macho, baba. Ukiidanganya inaamini."

"Basi imeamini jambo jema," Ngigi akasema, akaivuta sahani yake. "Tuombe tule."

Waliomba, wakala. Kesho yake Maxine alimwambia mwalimu wake kwamba madereva wale walikuwa watakatifu mno. Mwalimu akamjibu kwamba hata walipoulizwa kwa mdomo, wote walisema hawatanui, na watu wazima wengi namna hiyo hawawezi kusema uongo mmoja. Maxine alijua wanaweza. Alijua jina la mmoja wao. Lakini kulisema kungekuwa kumvua baba yake nguo mbele ya watu, akanyamaza. Kunyamaza kule wengi watamsifia kuwa ni heshima ya mtoto kwa mzazi. Mimi siwezi. Uongo hauzeeki bila wa kuulea, na aghalabu wanaoulea ni watu wenye heshima zao.

Basi kompyuta ikafanya kazi yake kwa uaminifu juu ya maneno yasiyo ya uaminifu. Ndani yake ukingo wa barabara ulikuwa mtupu siku zote, kwa kuwa hakuna gari lililopita pale. Foleni ilisababishwa na magari yaliyosimama kwenye lami kuchukua abiria. Mashine ikajaribu hiki na kile, mwisho ikaonyesha kwamba magari yakitoka kwenye lami na kuchukulia abiria ukingoni, karibu na makutano, njia ingefunguka. Kamati ya barabara ilipenda ushauri huo kwa sababu haukuhitaji tingatinga. Ukingo ulichorwa mistari myeupe, ubao ukasimamishwa, na watu wakaambiwa wangojee pale.

Siku za mwanzo mambo yalikwenda sawasawa na kompyuta. Vijana wa kuongoza magari, wenye fulana za kung'aa, walisimama kandokando, na mbele yao madereva walikuwa na adabu ile ile ya chuoni. Foleni ilitembea. Mwalimu alikuja kupiga picha. Kisha vijana wakaondoka, mvua za masika zikaingia, na adabu ikaondoka na fulana.

Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha na foleni ya Mugutha imesimama kabisa. Ngigi alikuwa ameapa moyoni kutopita pale tangu mistari ichorwe, na kweli alikuwa amejizuia. Nyuma yake watu walianza kuguna. Becky aliinama karibu na bega lake, hakupaza sauti.

"Elda, lango."

Hilo tu. Ngigi akakata usukani kushoto.

Alikwenda polepole, akipiga honi, taa zikiwaka. Watu waliokuwa wakingoja ukingoni waliruka mtaro wakampisha. Wengine walimtukana. Katikati yao alimwona Nakhumicha chini ya mwavuli, akingoja basi la kiwanda chake. Nakhumicha alimtambua, akainua mkono kumsalimu, naye Ngigi akainua wake. Akapita salama, akachomeka basi kwenye lami, na watu wake wakashusha pumzi.

Walioruka mtaro nao walirudi mahali pao ukingoni, kwa sababu basi lilikuwa limekwisha kupita. Hawakujua kwamba nyuma ya basi kulikuwa na pikapu iliyosheheni kabichi. Dereva wake hakuwa ameona kitu ila mgongo wa basi la Ngigi, na alipoona basi limefunguliwa njia, alikanyaga mafuta.

Ngigi hakusikia kitu. Alifika langoni kwa wakati, vibarua wakashuka wakimshukuru. Jua lilipopanda alimwona Dismas akitoka mbio ofisini, simu mkononi, bila kuivua ovaroli ya kazi.

Nakhumicha alifia njiani kupelekwa hospitali. Polisi walimkamata dereva wa pikapu, na kwa sheria hilo lilitosha. Hakuna aliyeuliza habari za basi. Siku ya kuutoa mwili kuupeleka Bungoma, waombolezaji walimtafuta mtu wa kuomba, macho yote yakamwangukia Ngigi. Akavua kofia. Aliomba kwa sauti nzuri kwamba Bwana ametoa na Bwana ametwaa, na watu wakasema amina. Hivyo ndivyo Mungu alivyosingiziwa mbele ya jeneza, na aliyemsingizia akapewa chai.

Usiku ule hakula. Wala siku zilizofuata hakula vizuri. Maxine, aliyekuwa amekonda kama yeye, alimkuta uani akilitazama zizi tupu la ng'ombe, akamuuliza kama asubuhi ile alitanua. Ngigi alisema tu kwamba anataka kupelekwa tena kwenye mashine, na safari hii ataendesha vile anavyoendesha.

"Ilishang'olewa," Maxine akamwambia. "Utafiti uliisha, skrini zikarudishwa, kiti kikatupwa. Ripoti imeshatumwa mpaka kwa miji mingine. Hakuna mahali pa kuweka huo ukweli, baba."

Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema. Lakini uongo wenyewe ukishatoka mdomoni haufi na safari ya mwenyewe. Huendelea mbele, ukafika hata miji asiyoijua.

Jumapili alasiri Ngigi alikwenda Mugutha kwa miguu kutoka barabara kuu. Alimkuta Dismas nje ya nyumba akifua sare za shule za mtoto, povu limemfika viwikoni. Hakumpa pole nyingine. Alimwambia kila kitu akiwa amesimama: foleni, neno la Becky, honi, mkono ulioinuliwa.

Dismas aliendelea kufua. "Najua, mzee. Becky alinieleza kwa matanga."

"Na hukuniuliza."

"Ningekuuliza nini?" Dismas alilikamua shati hadi likalia. "Mimi pia nilikaa kwa ile mashine nikajifanya malaika. Na lori langu linatanua pale, wewe unajua. Nikikulaani, hiyo laana inanipitia mimi kwanza."

Ngigi alikuwa amejiandaa kutukanwa, na kwa siri alikuwa ametamani kusamehewa. Alikosa vyote viwili. Alipogeuka kuondoka, Dismas alimuuliza, bila kuinua kichwa, kesho atapita wapi.

"Nitakaa kwa laini."

"Haya. Tutaona."

Kesho yake Ngigi alikaa kwenye foleni. Magari yalimpita ukingoni moja baada ya jingine, na waliongoja pale wakawa wanaruka mtaro na kurudi. Nyuma yake maguno yaligeuka kelele. Becky alimsihi, halafu akamkasirikia, akasema wokovu wa Elda unalipwa na matumbo ya watoto wa wengine. Ngigi aliwaambia kwa nini hapiti pale. Wote walimjua Nakhumicha. Kisha mama mmoja aliyeketi katikati akasema kwa sauti ya uchovu kwamba hilo ni kweli na ni la kusikitisha, lakini yeye ana kodi ya nyumba.

Walikuta lango limefungwa. Siku iliyofuata wakalikuta limefungwa tena. Vibarua wakapeleka malalamiko kwa msimamizi, na msimamizi akamwita Ngigi, akamsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba kampuni inahitaji mtu wa kuwahisha watu. Basi likapewa Gachau, kijana mwepesi wa mkono kwenye usukani. Ngigi, kwa heshima ya utumishi wake, akapewa kazi ya kuosha magari uani.

Sasa yuko pale kila asubuhi na buti zake za mpira. Basi hufika mapema. Vibarua hushuka wakicheka, wakamwita Gachau jembe, na wachache humsalimu mzee bila kusimama. Wakishaingia ndani, Ngigi hulizunguka basi na mpira wa maji mkononi. Upande wa kulia huwa safi. Upande wa kushoto, kutoka gurudumu hadi dirishani, huwa umejaa matope ya Mugutha, naye huanza kuuosha.