Dobi Aliyeitwa Spika

Mtaani walimwita Spika, ingawa hakuwa na kipaza sauti chochote. Mdomo wake ulitosha. Alikuwa dobi, mwanamke wa miraba minne, na chumba chake cha mbele kilijaa mashati ya watu yakining'inia. Mteja aliyeingia kuchukua suruali alitoka na suruali pamoja na mahubiri. Wanaume wengine walifikia hatua ya kuwatuma wake zao.

Kibaya zaidi kilikuwa sala zake. Akishafumba macho mbele za watu, Mungu alipewa taarifa kamili za waliokaa palepale. Hivyo ndivyo alivyompoteza mdogo wake wa pekee, fundi wa kuchomelea mageti. Siku hiyo walikuwa mezani nyumbani kwa Spika, naye akaombea chakula. Chakula chenyewe alikibariki haraka haraka, kisha akamgeukia mdogo wake: Bwana, umwone huyu aliyelipa kisogo kanisa lako, umtoe kwenye chupa, umkumbushe machozi ya mkewe. Sala ikaenda, chakula kikapoa. Aliposema amina na kufumbua macho, kiti cha mdogo wake kilikuwa kitupu.

Hakukanyaga tena pale. Spika akatembea kifua mbele, akijiona ameisema kweli, mpaka mke wa fundi alipokuja kumuuliza jambo moja tu.

"Wifi, siku ile ulikuwa unaongea na Mungu au na mume wangu?"

Spika akarudi kwenye pasi yake. Swali lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Tangu hapo akawa anasali huku anapiga pasi, kimya kimya, akimtaja mdogo wake. Lakini kila mara sala ile iligeuka ikamrudia yeye mwenyewe na ulimi wake. Lilikuwa zoezi gumu. Kuna siku alimaliza rundo zima la mashuka bila kupata zaidi ya "nisamehe".

Basi alasiri moja mdogo wake akasimama mlangoni na mfuko mkononi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu ndani."

"Sikai. Mke wangu anafanyiwa upasuaji kesho. Ana uvimbe. Anataka magauni yake ya kulalia yapigwe pasi nimpelekee wodini, na amesema wewe tu, hataki mtu mwingine."

Moyo ulimpasuka Spika, kwa furaha na kwa hofu. Alijua fika kwamba neno moja tu likimponyoka, mlango ule ungefungwa moja kwa moja. Akapokea mfuko, akanyunyizia maji gauni la kwanza. Mdogo wake akaketi kwenye ncha ya kiti, mtu wa kuondoka wakati wowote.

Pasi ikaenda. Spika alimtazama kwa pembeni: macho mekundu, mikono yenye makovu ya cheche, na harufu ya pombe, kidogo, lakini ipo. Kwenda hospitali na harufu hiyo! Mdomo ukaanza kumwasha. "Unaona sasa?" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Kiganja kikasahau kazi, na harufu ya kitambaa kinachoungua ikampanda puani. Akanyanyua pasi kwa kishindo. Gauni lilikuwa limeponea chupuchupu.

"Haya, anza," mdogo wake akasema.

"Nianze nini?"

"Mahubiri. Nimekuja nimejiandaa. Tena nakuona unavyotikisa midomo. Unanisema kwa Mungu?"

"Naongea naye, ndiyo."

"Unamwambia nini?"

"Namwomba anifunge mdomo."

Fundi akamkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, kikali, cha kushtukiza, na katikati yake sauti ikakatika. Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Spika alitamani kumkumbatia, akaogopa, akageuza gauni upande wa pili.

"Anaogopa?" akauliza taratibu.

"Yeye? Yeye amelala wodini anawachekesha wauguzi. Mimi ndiye sijalala." Akamtazama dada yake. "Dada, huyo unayemwomba, huwa anakujibu?"

Hapo sasa. Huo ndio mlango alioulilia muda wote huo, na mistari ya Biblia ilimjaa kichwani, yote mizuri, yote ya kweli. Akakunja gauni la mwisho, akaegesha pasi. Akasali kwa pumzi moja, ndipo akafungua kinywa.

"Nilimwomba urudi kwangu. Umerudi. Ila sikutaka urudi kwa sababu ya jambo hili. Na ile siku ya mezani nilikukosea. Nilijificha nyuma ya Mungu nikakupiga. Nisamehe, mdogo wangu."

Mdogo wake akasimama, akapokea magauni yaliyokunjwa, yangali na joto, akayakumbatia kifuani. Akatoka. Spika alibaki ameshika kingo za meza, akisikia hatua zikishuka ngazi, na kila neno la kumwita akalizuia.

Hatua zikasimama. Zikarudi.

"Kesho asubuhi," fundi alisema akiwa mlangoni, bila kumtazama, "wakishamwingiza ndani, nitakuwa peke yangu kwenye benchi la nje. Uje."

"Nitakuja."

"Na uniombee. Mimi sijui tena pa kuanzia."

"Nitaomba kimya kimya, usijali."

Akatikisa kichwa. "Hapana, dada. Safari hii omba nikusikie."