Mama Anajifunza Kuwasha Gesi

Kila niliposema ninasomea saikolojia ya uhandisi, watu wa mtaa wetu hapa Kitengela walinitazama kwa huruma. Jirani yetu, mama Mmaasai anayetuletea maziwa, ndiye pekee aliyeuliza wazi.

"Kwani mashine ziko na wazimu?"

Nilimweleza kwamba tunajifunza kutengeneza vitu ili visiwakosee watu: swichi, milango, hata chupa za dawa. Alifikiri kidogo, akasema, "Basi anza na hilo lango lenu. Linanibana vidole kila asubuhi."

Lakini mimi nilianza na mama.

Daktari alikuwa amemwambia aache moshi wa makaa, kifua chake hakiwezi tena. Nilipomaliza chuo nikamnunulia meko, mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake, naye akaufunika kwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni. Aliuogopa. Na mimi nilikuwa nimepata kazi Illasit, kule mpakani, ningeondoka Jumatatu. Nilijua kwamba asipouzoea kabla ya hapo, siku nitakayopanda gari makaa yatarudi jikoni, na kikohozi nyuma yake.

Kwenye kifungulio nilichora mshale kwa rangi ya kucha, kuonyesha upande wa kufungulia. Mtungi nikausogeza karibu na dirisha. Kisha nikasimama mlangoni, nikamwambia mama maneno tuliyofundishwa kumwambia kila mtu kabla ya jaribio. Nilimwita mwaitu, kama Wakamba wote wanavyowaita mama zao.

"Mwaitu, sikupimi wewe. Napima kifaa. Ukikosea, kosa ni la kifaa."

Katika jaribio mtazamaji hasemi wala hasaidii, isipokuwa kukiwa na hatari. Sikusema. Ila mimi ni mtu ambaye hata ujumbe wa asante nitausoma mpaka nione matusi ndani yake, na gesi ni gesi. Mama alifungua gesi kwanza, ndipo akaanza kutafuta kiberiti. Kijiti kikavunjika. Nikafikiria leso yake, nywele zake, zahanati iliyo karibu. Nikaruka, nikafunga.

"Si umesema hunipimi?"

"Sikupimi, mwaitu."

"Basi mbona unaniangalia mimi? Angalia kifaa."

Tulijaribu tena kesho yake, na siku iliyofuata. Kila mara mkono wake ulitetemeka. Nililaumu kifungulio, nikalaumu vijiti, nikafikiria hata kumchongea kishikio cha mbao. Jumamosi jirani alipoleta maziwa, mama alimsimulia yote kana kwamba mimi sipo.

"Anasimama hapo mlangoni amekunja uso hivi." Mama akaukunja wake, macho yamemtoka. "Naona kama nishachomeka, tunangoja tu mazishi."

Jirani alicheka mpaka akaweka chini mtungi wa maziwa. "Toka nje, msomi. Hata ng'ombe hatoi maziwa akiangaliwa hivyo."

Chuoni nilikuwa nimesoma kwamba kumtazama mtu kunaweza kuubadilisha mkono wake. Nililiandika hilo kwenye mtihani, nikapita vizuri. Haikunijia kamwe kwamba uso unaotazama ungekuwa wangu, na kwamba mama angeuogopa kuliko moto.

Nilimwomba mambo mawili tu: kiberiti kwanza, ndipo gesi, na dirisha libaki wazi.

"Nimesikia," alisema, akafunga mlango kwa komeo.

Nilisimama uani, upepo ukizipigapiga nguo kwenye kamba. Jirani alinishika mkono wa sweta na hakuuachilia. Kijiti kilikwaruza. Kimya. Katika kimya hicho, kichwani mwangu, nilimzika mama, nikaikataa kazi, nikanunua gunia la makaa. Kijiti kikakwaruza tena, na baada yake ikasikika ile sauti ndogo ya gesi ikishika moto, kama mtu anayepuliza chai.

Nilinyata hadi dirishani. Mama alikuwa ameinama mbele ya mwali wa buluu, anaupunguza, anauongeza, anaupunguza tena, huku akiusemesha kwa Kikamba, taratibu, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Mkono wake ulikuwa umetulia.

Nikarudi nyuma kabla hajaniona.