Kijiko cha Mzee Habibu

Wivu wa kugombania mume una dawa zake. Wivu wa kugombania mgonjwa, huo hata waganga wa Ruangwa hawajaupatia mzizi. Muulizeni Auleria.

Auleria ni muuguzi, mzaliwa wa Mbinga, aliyeletwa huku na barua ya ajira miaka kumi na minane iliyopita. Alianzia Mkotokuyana, upande wa Nachingwea, kisha akahamishiwa Ruangwa. Wazee ndio watu wake. Anajua nani hapendi uji wa mtama, anajua nani hulia akigeuzwa ubavu. Shahada yake ya kwanza aliisoma ukubwani, kwa shida. Basi ilipotangazwa nafasi moja ya shahada ya uzamili ya huduma kwa wazee na utengamao, yaani kumrudishia mgonjwa uwezo wa kujifanyia mambo yake, aliomba huku akijua ni yake.

Akapewa Sofia, binti mzaliwa wa Chunyu, mwenye miaka minne tu kazini.

Sofia alikaa Dar es Salaam miaka miwili, akarudi na shahada yake.

"Shikamoo, dada Auleria! Nimekukumbuka!"

"Marahaba. Umenenepa," alijibu Auleria, na safari hiyo haikuwa sifa.

Sasa kulikuwa na Mzee Habibu wa Mbwemkuru, mkulima wa korosho, ambaye kiharusi kilimwangusha akabaki na mkono wa kulia uliojikunja kama jani kavu. Kwa miezi minane Auleria alikuwa akimfuata nyumbani kwa pikipiki, kila Jumanne na Ijumaa. Alimnyoosha viungo, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akamfuta ndevu. Siku nyingine alilishwa na bintiye, Zuleha. Maana huku baba haachwi ahangaike na kijiko na mabinti wapo, majirani watasemaje? Mzee alimwita Auleria "mwanangu," na neno hilo lilimshibisha kuliko mshahara.

Siku Sofia alipofuatana na Auleria mara ya kwanza, alitazama kijiko kikiingia mdomoni mwa mzee, akasema, "Asilishwe tena. Ajilishe."

Zuleha akaruka. "Baba ajilishe? Kwani sisi tumekufa?"

Sofia alimgeukia mzee, na kwa umri wake yeye ni mjukuu, na babu na mjukuu ni watani. "Mume wangu, ndiyo ndoa gani hii? Unalishwa kama kinda la njiwa! Mimi nataka mwanamume mwenye mikono miwili."

Mzee alicheka mpaka machozi. "Mke gani huyu mwenye kiburi! Lete hicho kijiko!"

Kijiko kilitetemeka, nusu ya uji ikaishia kifuani. Lakini nusu ilifika. Auleria aliufuta uji kifuani kwa mzee. Yeye maneno yale angeyasemaje? Anayekuita mwanangu humtanii hivyo, si Mbinga wala Mbwemkuru.

Sofia aliacha maagizo: uji kwa mkono wa kulia, na kila siku korosho kumi za kuchoma, mzee azishike kwa mkono mgonjwa, azibangue kwa kuzigonga na kijiwe kwa ule mzima.

Ijumaa Auleria akaenda peke yake. Mzee alikuwa akihangaika, jasho linamtoka.

"Umechoka, baba. Lete nikusaidie."

Akamlisha. Utamu alioupata! Jumanne akamlisha tena. Zuleha alipoona muuguzi mwenyewe analisha, naye akarudia ya zamani. Kijiwe cha kubangulia korosho kikasukumwa ukutani.

Baada ya wiki tatu Sofia alikuja kupima. Vidole vimejikunja upya. Korosho ya kwanza ikadondoka, ya pili ikadondoka.

"Sijui nimekosea wapi, dada," Sofia alisema, amechuchumaa. "Labda nimemharakisha. Nadhani tumsimamishie mazoezi kabisa."

Moyo wa Auleria ulicheza ngoma. Kisha akamwona mzee akiuficha mkono wake chini ya shuka.

"Mke wangu asilaumiwe," mzee alisema. "Mvivu ni mimi."

Mzee alikuwa anamfichia Auleria aibu. Ngoma ikanyamaza.

"Si mvivu," Auleria alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa namlisha."

"Kwa nini, dada?"

"Akijilisha, mimi atanihitaji kwa lipi? Nafasi ulichukua wewe. Na mzee umemchukua."

Sofia aliiokota korosho iliyodondoka. "Chuoni hakuna aliyenifundisha habari za korosho. Nimezikuta kwenye daftari lako la wagonjwa. Uliandika, 'Mzee alikuwa mbanguaji hodari.'"

"Kumbe na hilo umeniibia!"

Sofia alicheka. Auleria hakucheka.

Ila Jumanne iliyofuata, kabla ya kitu chochote, alikirudisha kijiwe mkekani. Zuleha akaleta uji. Mzee akakishika kijiko, akakiinua. Kufika katikati ya njia kikasimama, kinatetemeka.

"Mwanangu," aliomba.

Auleria aliiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Yote miwili. Akahesabu pumzi. Kijiko kikapanda, kikayumba, kikafika.

Mzee alilamba midomo, akatazama njiani. "Mke wangu haji leo?"

"Haji," Auleria alisema, bado ameikalia mikono. "Kula, baba, uji unapoa."