Maji ya Samaki wa Nasike

Nasike alimshuku kila mtu, na mimi jirani yake sikusazwa. Siku moja mwaka 1998 nilipuliza dawa ya mbu chumbani kwangu, upande wangu wa ukuta, na kabla haijatulia alikuwa mlangoni akiniuliza ni nani kanituma kumwulia samaki. Nilimwambia nimetumwa na mbu. Hakucheka. Alirudi kwake akafunika tangi lake la kioo kwa shuka lenye maji, na wiki nzima salamu zangu akawa anazipokea kwa kichwa tu.

Samaki hao aliwapata yeye na mumewe walipokuwa bado wanaishi Nairobi. Mumewe alikuwa dereva wa Mzungu mmoja, na Mzungu aliporudi kwao aliwaachia tangi, pampu na samaki wa rangi. Mume aliona ni pambo la sebule. Nasike, aliyekulia Bungoma akijua samaki ni wa kukaangwa, aliwatazama mpaka wakamnasa. Alijifunza mwenyewe. Akiona vidoa vyeupe kwenye mapezi, kama mtu aliyenyunyiziwa chumvi, humtenga mgonjwa kwenye beseni, hutia chumvi kidogo na kuyapasha maji yawe vuguvugu. Sponji ya pampu haioshwi kwa sabuni. Chakula ni cha kubana kwa vidole viwili, maana kinachobaki huoza na kuharibu maji. Walipohamia Kitengela, baa na kliniki za barabara ya Namanga zenye matangi zilianza kumwita samaki wao wakizubaa. Vifaranga aliowauza walitoka kwa jozi moja, samaki bapa wenye milia myeusi, aliowaita Bwana na Bibi Harusi. Jozi hiyo ndiyo ilikuwa roho yake.

Kitengela ya siku zile maji yalikuja kwa punda. Sironka, mtu mzima wa kutoka Kisaju, alituletea kutoka kisima cha mjomba wake. Yalikuwa maji magumu, yanayoacha ukoko mweupe kwenye sufuria, lakini samaki walikuwa wameyazoea. Nasike alimtungia sheria: kabla mtungi haujamiminwa, Sironka anywe kikombe kizima, naye amkodolee macho aone kama atakunja uso. Sironka alikunywa kila mara. Mimi ndiye niliyeona haya. Nilimwambia Nasike kwamba baba wa watu hanyweshwi hivyo. Akaniambia siwajui watu.

Halafu, kiangazi cha mwaka 2000, Bibi Harusi akaugua. Mapezi yalianza kulika pembeni na rangi ikafifia. Nasike alimtia chumvi, akabadilisha maji, akabadilisha tena, hali ikawa ile ile. Hapo akaamua kwamba Sironka ameacha kisima na sasa anachota kwenye mashimo ya kwari, yale machimbo ya mawe, wanakokunywa ng'ombe. Alimwambia hivyo getini, watu wakisikia, kwamba ni mwongo na maji yake yananuka kinyesi. Sironka alisema kisima ni kile kile. Kesho yake akaambiwa tena, na keshokutwa pia. Nilikasirika, kwa maana mimi nilikuwa nakunywa maji hayo hayo na mapezi yangu yalikuwa mazima.

Alhamisi moja Sironka alichelewa. Punda alikuwa ametota jasho. Alishusha mitungi, akanywa kikombe chake, akaongeza cha pili bila kuambiwa, akatabasamu. Nasike hakulipenda lile tabasamu. Alimchunguza uso, macho, hata mikono, asione kitu. Alikuwa akimtazama mtu, maji hakuyanusa. Akaingia nayo ndani akabadilisha nusu ya tangi mara moja, kwa sababu mgonjwa alihitaji maji mapya.

Jioni alinigongea ukuta. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya kioo. Samaki walikuwa juu, midomo nje, wakihema kwa kasi, na Bibi Harusi alikuwa tayari amelala ubavu. Tuliwahamishia kwenye beseni, lakini maji tuliyokuwa nayo yalikuwa hayo hayo ya mitungi. Haikuchukua muda wakaisha wote. Ndipo Nasike alipoinamisha pua kwenye mtungi, nami nikanusa baada yake. Ilikuwa harufu kali ya dawa. Alilia sana. Kisha akasema Sironka amewatilia sumu, na safari hii hata mimi sikuwa na la kumtetea.

Asubuhi tulimngoja getini, mtungi ukiwa ushahidi na mimi shahidi, kutoka hapo twende kwa chifu. Sironka alifika akiwa bado na furaha yake, na kabla hatujafungua mdomo akamwambia Nasike, akimwita kwa jina la mtoto wake, "Mama Shirleen, jana nilienda mpaka mjini Athi River. Hiyo maji ni ya mfereji, ile wanaweka dawa, ya watu wa ofisi. Sitaki useme tena niko na maji chafu. Huyo mgonjwa ameamka?"

Nasike aliuweka mtungi chini polepole. Maji ya mfereji, yale ya bomba, aliyajua vizuri. Kule Nairobi alikuwa akiyaacha kwenye karai usiku kucha dawa ipungue, ndipo awape samaki. Angejua ni ya mfereji, angefanya hivyo hivyo.

"Wamekufa wote," alisema. "Hiyo dawa ndiyo imewaua. Mbona hukuniambia?"

Sironka alitazama mtungi, akamtazama yeye. Siku alipoitwa mwongo mbele ya watu sikumwona ameumia, lakini sasa nilimwona.

"Ungeniuliza ni maji ya wapi, ningekuambia," alisema. "Lakini wewe hujawahi kuniuliza kitu, mama. Wewe huwa unaniambia tu."

Akageuza punda na mitungi yake ikiwa imejaa. Nasike alibaki ameshika geti, akimwita Sironka kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliyesimama kando yake niliisikia kwa shida.