Mjomba na Kiingereza cha Wafu

Mjomba wangu alisahihisha makosa kwenye kiwanda cha uchapaji kwa miaka thelathini na moja. Tangu astaafu hana wa kupiga naye soga ila mimi, kila Jumapili, nami huenda shingo upande. Ukimpa nafasi, hakuachii.

Kazi yake ilikuwa barua na hati za Kiingereza cha karne zilizopita, ambazo kiwanda kilizichapa upya. Wapangaji wa herufi walidhani kila neno geni ni kosa. Wakikuta "ere", neno lililokufa zamani lenye maana ya "kabla", wanaandika "ear", sikio. "Rede" ni ushauri. Wao wanaligeuza "red", na mtu aliyeomba ushauri anaonekana kaomba rangi nyekundu. "Quoth" ni "alisema", wala halina undugu na "quote", ingawa yanafanana sura. Mjomba aliyarudisha yote kwa wino, huku akiwaita wenzake majina nisiyothubutu kuyaandika.

Mkewe alifariki, binti yake akaolewa ng'ambo, na mjukuu wa miaka mitano anaongea Kiingereza tu, hajui Kiswahili hata cha kuombea maji. Mjomba hajawahi kumwona. Wiki nzima alijiandaa kuongea naye, akaandika sentensi kumi za Kiingereza kwenye karatasi, akanyoa na ndevu, kana kwamba simu yake ya vitufe ina macho. Nilimtania, akaninunia.

Binti alipiga saa kumi jioni, mjomba akaweka spika. Mjomba akasoma sentensi ya kwanza taratibu. Mtoto akacheka, akauliza kitu kwa kasi ambayo mjomba, aliyezoea Kiingereza cha karatasini, hakuimudu. Alikuwa anauliza kama babu ana mbwa. Nilifungua mdomo nimtafsirie, mjomba akanizuia kwa mkono, akasoma sentensi ya pili, iliyohusu hali ya hewa. Binti akaichukua simu, akasema mtoto amechoka, watajaribu siku nyingine.

Nilimwonea huruma.

"Usimlazimishe, mwanangu," mjomba alimwambia binti. "Iweke tu simu hapo anapochezea. Mimi nitasikiliza."

Binti akaiweka. Nikaosha vikombe, nikafagia, nikaaga. Kule upande wa pili mtoto alikuwa akisukuma kigari na kukisemesha, na kila aliponyamaza, mjomba aliitikia kwa kichwa, kama anayesemeshwa yeye.