Meli Iliyokuwa Njiani Kila Siku

Kuna siku moja imekataa kunitoka moyoni, mwanangu. Nilikuwa nimeketi mbele ya kadhi, buibui limenilowa jasho mgongoni, naye ameshika karatasi iliyochapwa kwenye kompyuta ya ofisi yetu. Karatasi ile niliijua vizuri, maana niliichapa mimi. Kadhi aliniuliza swali jepesi, swali ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani angelijibu, nami nikashindwa. Nitakueleza tulifikaje pale. Nitakwenda pole pole, kwa kuwa wewe unaingia katika kazi hii hii ya kutengeneza tovuti na kuzitunza, na nataka unifahamu hatua kwa hatua.

Miaka ya tisini ilikuwa inakatika. Mimi binti wa Kibokoni, nimesomea kompyuta hapa hapa kisiwani, nikapata kazi katika kampuni moja ya meli iliyokuwa na ofisi kwenye barabara ya kuteremkia Kilindini. Makao makuu yalikuwa ng'ambo. Mtaani watu hawakuifahamu kazi yangu. Babangu akiulizwa barazani bintiye anafanya nini, hujibu, "Anaandika kitabu kisichokwisha," na wenziwe wakacheka. Hakukosea sana.

Zamani kidogo, kurasa za tovuti ziliandikwa moja moja kwa mkono, na aliyeuandika ukurasa aliujua kila pembe. Kampuni zenye ofisi nyingi zikachoka na hilo, zikanunua mifumo mikubwa ya kuendeshea tovuti. Mfumo wa namna ile ni kama nyumba ya kupanga. Vyumba vimekwisha gawanywa, wewe unaingiza vyombo tu, ukuta huugusi. Makao makuu walitengeneza umbo la ukurasa, wakaacha nafasi za kujaza. Mimi nikijaza nafasi zile kwa upande wa Mombasa. Nikimaliza, ukurasa unaingia foleni na kungoja hadi bwana mmoja huko ng'ambo, ambaye sikuwahi kumwona uso, auruhusu utoke. Kazi safi. Sikufichi, niliipenda.

Kila meli ilikuwa na ukurasa wake, na katika kila ukurasa kulikuwa na nafasi iliyoitwa hali ya meli. Nafasi ile huandiki utakalo. Unachagua moja kati ya maneno matatu: njiani, bandarini, matengenezoni. Ukiiacha tupu, mfumo unakataa kuupokea ukurasa. Na chini yake palikuwa na neno "imethibitishwa" pamoja na tarehe. Tarehe ile hakuandika mtu. Mfumo wenyewe uliibadilisha kila alfajiri, kwa sababu makao makuu walitaka mgeni akifungua tovuti aione mbichi. Aliyepanga hivyo hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa mtu asiyewahi kungoja baharia.

Mtu aliyengoja alikuwa Bi Mwanamkuu wa Kuze. Mwanawe, Bakari, alikuwa fundi wa injini katika meli yetu moja ya mizigo. Meneja wetu, Bwana Katana, Mgiriama wa Kaloleni mwenye moyo mlaini, aliruhusu jamaa za mabaharia waje ofisini Ijumaa baada ya sala waangalie kompyuta. Bi Mwanamkuu hakukosa. Alikuja na mkaza mwanawe, Salma mke wa Bakari, ambaye mimi na yeye tulisoma chuo kimoja tangu tukiwa watoto. Bibi huvuta kiti, akafunua uso, akasema, "Haya, nifungulie mwanangu."

"Mwanao hayumo humu, bibi. Ni meli tu."

"Na yeye yumo ndani ya meli. Fungua, usinifunze hesabu."

Salma hucheka chini kwa chini. Nami humsomea, kwa kuwa ukurasa ulikuwa wa Kiingereza: meli iko njiani, imethibitishwa leo. Bibi husema alhamdulillahi, akatoa visheti ndani ya kitambaa, akatugawia ofisi nzima. Siku moja akanitaka nimchapie ukurasa ule akautundike sebuleni. Nikamchapia.

Kisha meli ikanyamaza. Bwana Katana aliniita chumbani kwake, akafunga mlango. "Redio ya ile meli haijibu," alisema. "Makao makuu wanabishana na watu wa bima. Wamesema tusiseme neno hadi wapatane."

"Na ukurasa, bwana? Nichague neno gani?"

Tukatoka hadi kwenye kompyuta yangu, akasimama nyuma ya kiti changu, akayasoma maneno matatu yale. "Chagua lililo karibu na kweli."

"Halipo."

"Basi acha lililopo."

Likaachwa. Na kila alfajiri mfumo ukathibitisha upya, bila kuchoka, jambo ambalo hakuna binadamu aliyelijua.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Salma aliusikia mshindo ule kabla yetu sote. Bakari alikuwa na ada ya kumpigia simu dukani kwa jirani kila akishuka bandari. Simu ilikatika. Ramadhani ikaja, ikapita, Idi ikaliwa bila salamu zake. Siku moja, isiyokuwa Ijumaa, Salma alikuja peke yake akasimama mbele ya meza yangu.

"Rukia, nitazame. Usitazame hiyo kompyuta. Mimi ni mke au mjane?"

Nikamwambia siruhusiwi kusema. Akaniambia, "Sikukuuliza unaloruhusiwa." Basi nikamweleza yote, kwa sauti ya chini, na Bwana Katana alikuwa mlangoni akasikia, wala hakunikataza.

Unajua eda ilivyo kwetu. Mke aliyefiwa hukaa ndani, asijipambe wala asiposwe, kisha siku zikitimia hutoka akaanza maisha mengine. Ni kitu kizito, lakini kina mwanzo na kina mwisho. Mke asiyejua kama amefiwa hana pa kuanzia. Hawezi kulia mbele za watu, maana ataambiwa anamtabiria mumewe kifo. Hawezi kucheka, maana ataambiwa hana haya. Salma aliishi hivyo katika nyumba ya mamake mumewe, chini ya ile karatasi ya sebuleni, hadi akaamua kwenda kwa kadhi atafutiwe hukumu. Bi Mwanamkuu akamfuata na karatasi yake mkononi. Akadai mwanawe yu hai, imeandikwa, na kama kadhi hasadiki basi aliyeandika aitwe.

Ndipo nikaitwa. Kadhi alikuwa mzee wa maneno machache. Aliigeuza karatasi huku na huku.

"Haya maneno kayaandika nani, binti?"

"Mimi, sheikh. Niliyachagua."

"Na tarehe?"

"Mfumo, sheikh."

"Mfumo umeiona meli?"

"La."

"Umezungumza na walio ndani?"

"La, sheikh."

"Basi nani amethibitisha?"

Hilo ndilo swali lililonishinda. Nilianza kumweleza mambo ya foleni, na idhini, na bwana wa ng'ambo. Mimi kwa tabia yangu napenda kueleza, na nilieleza vizuri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Binti yangu, umenieleza namna neno linavyotoka. Sikukusikia ukisema linatoka kwa nani. Hapa kwangu ushahidi ni wa mtu. Neno lisilo na mtu nyuma yake hata likiwa kweli mimi silipokei, na nyinyi mmelitundika ukutani kwa mama wa watu." Hakupandisha sauti. Ingekuwa heri angepandisha. Akanipa kazi moja tu: nikaurekebishe ukurasa, au kampuni iseme inalolijua.

Kampuni iliulizwa, ikajibu kwamba habari zote rasmi ziko kwenye tovuti. Nami nikaketi kwenye kompyuta nikaandika sehemu ya maelezo, kwa maneno mepesi: meli hii haijasikika tangu kabla ya Ramadhani, nasi hatujui iliko. Nikautia ukurasa kwenye foleni. Ukarudishwa, na bwana wa ng'ambo ameandika kwamba maelezo hayalingani na hali iliyochaguliwa. Nikaupeleka tena, ukarudi. Nikajaribu kuuondoa kabisa, na kuuondoa nako kunataka idhini. Sikuchoka, mwanangu, nataka ujue hilo. Niliandika kwa adabu, nikaandika kwa hasira, nikaandika kwa kubembeleza. Asubuhi moja nikaingiza neno langu la siri, mfumo ukaniambia haunijui. Ukurasa uliendelea kusema njiani, na tarehe ya siku hiyo.

Nilirudi kwa kadhi mikono mitupu, Bwana Katana akafuatana nami ingawa alijua itamgharimu kazi. Tukasema kwa vinywa vyetu tunalolijua na tusilolijua. Kadhi akaandika, akaamuru muda wa kungoja, miaka kadhaa, na ulipokwisha bila habari akahukumu kwamba Bakari amefariki.

Usidhani hapo mambo yalitengenea. Msema kweli hukimbiwa na rafiki zake. Bi Mwanamkuu alikataa eda isikaliwe nyumbani kwake. "Mume wake yuko njiani," alisema, "nikae na mjane wa nini mimi?" Salma akatoka Kuze na bunda la nguo, akaja kukaa eda kwetu Kibokoni, katika chumba cha mamangu. Nilikuwa nikimpelekea chai, namkuta ameketi, ameelekea ukuta. Siku moja aliniuliza, "Rukia, hivi ningoje nini sasa?" Nikakaa naye hadi chai ikapoa. Eda ilipokwisha, kakake alikuja akamchukua kwenda naye Malindi. Muda wa kumngoja Bakari ulikuwa umekula ujana wake kabla hata eda haijaanza. Aliponiaga alinishika mkono kwa heshima, kama mtu anayeagana na mgeni. Hatukuonana tena.

Kampuni ilifunga ofisi ya Mombasa. Bwana Katana alikuwa amekwisha rudi Kaloleni. Lakini tovuti haikufungwa, maana hakuna aliyebaki mwenye ufunguo wa kuifunga, wala aliyekumbuka kuwa ipo. Palipofunguliwa duka la mtandao karibu na Mwembe Tayari, nilikuwa nikiingia kuitazama, kama mtu anayepapasa jino bovu kwa ulimi. Ile meli ilikuwa njiani. Imethibitishwa leo.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwa Bi Mwanamkuu alikuwa amedhoofu, macho hayaoni mbali. Nilibisha hodi, akafungua mlango nusu. Hakunikaribisha ndani. Akataka kujua ukurasa unasemaje siku ile, kwa kuwa hana tena wa kumsomea.

Nilisema, "Unasema njiani, bibi. Lakini mimi sijui. Hakuna ajuaye."

"Sikukuuliza wewe," alisema, akafunga mlango. Nilimsikia ndani akisema alhamdulillahi. Akafa akiwa na imani hiyo, na ile karatasi, nilivyosimuliwa, haikuondolewa ukutani hadi nyumba ilipopigwa chokaa.

Mwanangu, sina kisa kingine cha kukuliwaza baada ya hicho. Ninao wasia tu. Utakapoketi kutengeneza mfumo wenye kurasa nyingi na watu wengi, fikiri kwanza juu ya yule asiyejua, umwekee nafasi. Kama nafasi ina maneno ya kuchagua, basi "hatujui" liwe mojawapo, na lisionewe haya. Tarehe iwe ya siku mtu alipojua, isiwe ya siku mashine ilipoamka. Kila neno liwe na mtu nyuma yake, mwenye jina, anayeweza kuitwa mbele ya kadhi akajibu. Idhini ni jambo jema, inazuia makosa. Lakini foleni isiwe ndefu kiasi cha kweli kufia humo.

Na usidhani kazi imekwisha siku tovuti ilipofunguliwa na watu wakapiga makofi. Kujenga ni siku chache, kutunza ni umri. Ukurasa usio na mtunzaji haukai kimya kama nyumba mbovu. Unaendelea kusema, na watu wanaendelea kuusadiki. Ukiondoka kazini, mkabidhi mtu ufunguo mkono kwa mkono. Ukiona hakuna wa kumkabidhi, ufunge ukurasa wakati bado unaweza. Na mfumo ukikukatalia kusema kweli, unayo miguu. Nenda kwa mwenye haja, umwambie, mapema kuliko nilivyokwenda mimi. Atakuchukia pengine. Mwambie hivyo hivyo.

Mimi sikuweza kuuzima ukurasa mmoja. Mwenyezi Mungu akupe wewe mkono unaoweza, na moyo usiochoka kuangalia ulichokiandika jana. Akulinde na neno linalotoka bila mwenyewe. Na kila anayekungoja nyumbani, asichelewe kupata habari yako, iwe ya heri, iwe nzito. Amina.